Tusiizike hadubini ikiwa hai

Ukikaa kwenye benchi la kusubiria majibu katika hospitali yoyote ya wilaya Tanzania, hutakosa kumsikia mtu akimwambia jirani yake, "Nimekutwa na malaria tatu." Jirani naye atajibu kwamba mwanawe juzi alikuwa na kumi. Namba hizo zimezoeleka hivi kwamba watu huzitaja kama wanavyotaja bei ya nyanya, na ni wachache wanaojiuliza zimetoka wapi. Zimetoka nyuma ya kile kidirisha, kwa mtu aliyeinama juu ya hadubini akahesabu vimelea kimoja kimoja.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa karibu. Damu ya kidole huwekwa juu ya kioo kwa namna mbili. Kuna tone nene, linalokusanya damu nyingi mahali padogo ili hata vimelea vichache visiponyoke. Na kuna tone jembamba lililotandazwa, ambamo chembe nyekundu hulala moja moja, ili ionekane ni kimelea cha aina gani kilichojificha ndani yake. Kioo kikishakauka hutiwa rangi ya Giemsa, iliyobeba jina la mkemia Gustav Giemsa aliyeitengeneza mjini Hamburg mwaka 1904. Rangi ikiwa ya asilimia 10, dakika 10 hivi zinatosha. Ikiwa ya asilimia 3, mtu asubiri dakika 45. Hapo hudondoshwa tone la mafuta, lenzi inayokuza mara 100 inashushwa hadi iguse mafuta hayo, na kwa kuwa lenzi ya machoni nayo hukuza mara 10, kila kitu kinaonekana mara 1,000 zaidi ya ukubwa wake. Kimelea kichanga hujitokeza kama pete: mwili wa buluu, kiini chekundu.

Mtaalamu haruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka apitie angalau maeneo 100 ya tone nene. Akiona vimelea, huvihesabu sambamba na seli nyeupe 200, halafu huzidisha kwa 40, kwa makadirio kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000. Hakuna mashine inayomsaidia. Ana macho, subira na kioo kisafi.

Hadubini hiyo sasa imeanza kutazamwa kama redio ya mkulima enzi za simu janja. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20 bila umeme wala lenzi. Mashine za vinasaba zinagundua kifua kikuu kwa saa mbili. Kiongozi akizindua maabara mpya, kamera huelekezwa kwenye mashine nyeupe yenye skrini, na hadubini iliyopo pembeni, imefunikwa mfuko wa nailoni, haipati hata picha moja. Maoni ya makala haya ni kwamba tunafanya haraka ya kuizika. Hadubini ya mwanga, ile ya kawaida kabisa, bado ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa biolojia na tiba katika Afrika Mashariki, na pesa kidogo zilizopo zingeanza kwake kabla ya kukimbilia vyombo vya fahari.

Tuanze na kipimo cha haraka chenyewe, maana ndicho kinachotajwa zaidi. Hakuna ubishi kwamba kimeokoa watu. Kabla yake, homa yoyote iliitwa malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa na kutibiwa malaria kali katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Damu zao zilipopitiwa upya kwa hadubini, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine, na dawa ya malaria haikuwa inawasaidia kitu.

Lakini kipimo hicho kina mipaka yake. Vingi vya aina hiyo hutafuta protini inayoitwa HRP2, ambayo hutolewa na kimelea cha falsiparamu, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Mgonjwa aliyemaliza dozi akirudi na homa, kipimo kitasema "anayo" wakati hanayo. Kibaya zaidi, wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo. Walitambuliwa kwanza katika eneo la Amazoni nchini Peru, taarifa zake zikachapishwa mwaka 2010. Baadaye Eritrea ilikuta sehemu kubwa ya wagonjwa wake wanabeba vimelea vya namna hiyo, ikalazimika kubadilisha aina ya kipimo nchi nzima. Kimelea kisicho na HRP2 hukidanganya kipimo. Mbele ya lenzi yenye mafuta hakina pa kujificha, mradi mtu anayetazama anajua anachotafuta.

Na hapo ndipo hofu inapoanza. Ujuzi wa kusoma kioo haufanani na baiskeli ambayo mtu akishajifunza hasahau. Kijana aliyehitimu akapelekwa kituo kinachotumia kipimo cha haraka peke yake, miaka mitano baadaye hawezi kutofautisha kimelea na chembe sahani ya damu iliyolala vibaya juu ya chembe nyekundu. Siku kipimo cha haraka kikiwa kimeisha bohari, au kimeanza kudanganya, nani atasoma?

Wapo watakaosema: basi nunueni hadubini kubwa zaidi. Ni vizuri kueleza hili bila kuzunguka, kwa sababu watu wengi, wakiwamo wanaosaini manunuzi, wanadhani ubora wa hadubini ni namba ya ukuzaji tu. Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe una kikomo. Nukta mbili zikikaribiana chini ya nanomita 200 hivi, mwanga huzionyesha kama nukta moja, hata lenzi iwe nzuri namna gani. Ukikuza zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ndiyo maana vile vihadubini vya plastiki vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, vyenye maandishi "1200x" ubavuni, ni kichekesho cha bei rahisi: vinakuza sana, havionyeshi kitu. Shule iliyonunua kumi vya aina hiyo imenunua vinyago.

Bakteria wa kifua kikuu, mwenye urefu wa mikromita moja hadi nne, yuko ndani ya uwezo wa mwanga. Virusi wengi hawamo. Kuwaona kulihitaji kuachana na mwanga na kutumia elektroni, kazi iliyofanywa mjini Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska pamoja na Max Knoll. Ruska alisubiri hadi mwaka 1986 kupewa Tuzo ya Nobel. Knoll alikuwa ameshafariki.

Umuhimu wa hadubini hiyo ya elektroni ulidhihirika kwa Waafrika kwa namna ya kutisha mwaka 1976. Katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Daktari kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda huko na kuchukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, akarudi Kinshasa na mtawa mgonjwa. Damu ya mtawa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai, thermos ya kawaida kabisa, na ilipofunguliwa chupa moja ya damu ilikuwa imepasuka ndani ya barafu iliyoyeyuka. Watafiti walipoitazama kwa hadubini ya elektroni waliona kitu kama uzi mrefu uliojikunja. Kilifanana na virusi vya Marburg, vilivyojulikana tangu mwaka 1967 pale wafanyakazi wa maabara za Ulaya walipoambukizwa na tumbili waliotolewa Uganda. Uchunguzi zaidi uliofanyika Marekani ulithibitisha kwamba hao ni virusi wapya. Wakaitwa Ebola, jina la mto. Uzi huo una unene wa nanomita 80 tu. Hadubini ya zahanati isingeuona hata ingetazamwa mwaka mzima.

Kwa hiyo hakuna anayebeza chombo hicho cha elektroni. Kina aina mbili kuu. Moja hupitisha elektroni katikati ya kipande kilichokatwa chembamba sana kwa kisu cha almasi, ikaonyesha matumbo ya seli: mitokondria, kuta, virusi waliomo ndani. Nyingine hupapasa uso wa kitu kilichopakwa madini kama dhahabu, ikatoa zile picha za kutisha za jicho la nzi na mdomo wa mbu ambazo kila mtu ameziona gazetini. Zote mbili zinahitaji ombwe, umeme usioyumba, chumba kisichotikisika na fundi wa kudumu, na katika hali ya kawaida haziwezi kuonyesha kiumbe akiwa hai. Siku hizi ipo pia njia ya kugandisha protini ghafla na kuzipiga picha kwa elektroni zikiwa ndani ya barafu. Waanzilishi wake watatu, Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson, walipewa Nobel ya kemia mwaka 2017, na mapema mwaka 2020 njia hiyo ilitoa umbo la mwiba wa virusi vya korona wiki chache tu baada ya vinasaba vyake kuwekwa hadharani. Chanjo zilifaidika na picha hiyo. Nchi zetu zinahitaji kuwa na watu wanaojua kazi hiyo, na kanda nzima ikishirikiana kwenye vituo vichache inatosha. Wilaya haiihitaji.

Wilaya inahitaji nini? Nenda kwenye maabara za wadudu za Taasisi ya Afya ya Ifakara utaona hadubini isiyojulikana sana mitaani: ile ya kupasulia, yenye macho mawili na ukuzaji mdogo, mara 10 hadi 40 hivi. Inaonyesha kitu kizima, kwa kina chake, na mikono inabaki huru kufanya kazi chini yake. Mbu aliyekamatwa usiku hulazwa pale. Jike la anofelesi hutambulika kwa vipapasio viwili vilivyo karibu sawa kwa urefu na mdomo wake. Kisha tumbo hufunguliwa kwa sindano nyembamba na vifuko vya mayai vikatolewa. Mirija midogo ya hewa kwenye vifuko hivyo ikiwa bado imejikunja, mbu huyo hajawahi kutaga. Ikiwa imenyooka, amekwisha kutaga angalau mara moja. Tofauti hiyo ndogo ina uzito mkubwa, kwa sababu kimelea cha malaria kinahitaji siku 10 hadi 14 hivi kukomaa ndani ya mbu, na mbu kijana hana hatari. Kijiji chenye mbu wengi vijana ni kijiji ambamo vyandarua na dawa vinafanya kazi. Hilo hupimwa kwa vidole na lenzi.

Haki isemwe: hadubini hiyo hiyo haiwezi kumtenganisha Anopheles gambiae na nduguye arabiensis, ingawa mmoja hupenda kuuma watu ndani ya nyumba na mwingine hutoka nje na kuuma hata ng'ombe. Wanafanana kabisa. Hapo vinasaba ndivyo vinavyoamua, na ni sawa.

Kisiwani Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000, imepima kichocho kwa wanafunzi wengi kwa njia ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeielewa. Mililita 10 za mkojo huchujwa, kichujio huwekwa chini ya hadubini, mayai yakahesabiwa. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba nchani. La kichocho cha tumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, lina mwiba ubavuni. Mayai 50 au zaidi katika mililita hizo kumi ni maambukizi makali. Njia hii hupungukiwa pale ugonjwa unapokuwa umebaki kidogo, kwani yai moja katika ndoo ya mkojo ni rahisi kukosa. Lakini bila miaka mingi ya kuhesabu mayai, nani angejua kwamba ugonjwa umebaki kidogo?

Wengine hudhani hadubini ni kitu cha Wazungu kilichokuja juzi na misaada. Historia yake katika pwani hii ni ndefu kuliko bendera zetu, na haipendezi yote. Robert Koch, aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alikaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na maradhi ya mifugo. Alirudi mwaka 1905 kufuatilia homa ya papasi. Wenyeji walikuwa wakijua zamani kwamba anayelala kwenye vibanda vya njia za misafara, vyenye papasi ardhini, huamka na homa inayokwenda na kurudi. Koch aliwapasua papasi hao akaona vijidudu vya ugonjwa, hata ndani ya mayai yao. Mwaka huohuo, upande wa Kongo, Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa ameshafikia hitimisho kama hilo. Ugonjwa alioufuatilia ulimpata mwenyewe akafia Kasongo, Februari 1905. Koch alikwenda pia visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906, akawatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya aseniki. Wapo waliopofuka kwa dawa hiyo. Hadubini ilimwonyesha kimelea vizuri kabisa. Haikumwonyesha macho ya wagonjwa wake.

Kuhusu kifua kikuu hoja ya wanaotaka kuitupa hadubini ina nguvu zaidi, na haifai kukwepwa. Ili bakteria waonekane kwenye makohozi yaliyopakwa rangi ya Ziehl-Neelsen, inabidi wawe wengi, kiasi cha 5,000 hadi 10,000 kwa mililita. Mgonjwa mwenye wachache zaidi, hasa anayeishi na virusi vya ukimwi au mtoto, huambiwa hana. Mashine ya vinasaba humkamata huyo, na humwambia daktari kama dawa ya rifampisini itafanya kazi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mashine hizo mwishoni mwa mwaka 2010, na leo zinapewa nafasi ya kwanza katika kutambua ugonjwa.

Lakini mgonjwa akishaanza dozi, mambo yanageuka. Mashine hiyo huona vinasaba vya bakteria waliokufa pia, kwa hiyo haifai kujua kama tiba inakwenda vizuri. Mwezi wa pili na miezi ya mwisho ya matibabu, makohozi hurudi palepale chini ya lenzi. Na hadubini yenyewe haikukaa ilivyokuwa enzi za Koch. Ipo ya mng'ao: makohozi hupakwa rangi ya auramini, mwanga wa buluu humulikwa, na bakteria hung'aa rangi ya njano katika giza. Kwa kuwa wanang'aa, lenzi ndogo inayoona eneo pana inatosha, na kioo husomwa kwa sehemu ndogo tu ya muda wa zamani. Kitambo ilihitaji taa ya zebaki ghali iliyokufa baada ya saa mia chache na chumba cheusi. Taa za LED zimeondoa kero hiyo; zinadumu maelfu ya saa na zinaweza kutumia betri. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri zichukue nafasi ya taa za zamani.

Mjini Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafunza panyabuku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na huwa anapewa zile ambazo zahanati zimesema hazina kitu. Wengi hucheka wakisikia. Panya akikwaruza penye sampuli, hakuna anayemtangazia mtu ugonjwa kwa sababu ya panya: sampuli hiyo huthibitishwa, na kwa miaka mingi kilichothibitisha kimekuwa hadubini ya LED.

Sasa tuje kwenye kinachoziua hadubini zetu, kwa kuwa nyingi hazifi kwa uzee. Ukanda wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, una joto na unyevu ambao kuvu hupenda sana. Kuvu huota ndani ya lenzi, hutambaa na kuacha alama kwenye kioo ambazo hazifutiki. Kinga yake ni sanduku lenye balbu ndogo inayowaka, au mifuko ya silika jeli inayokaushwa na kurudishwa. Mfuko wa nailoni unaofunikwa juu ya hadubini ikiwa bado ina joto la kazi hufungia unyevu ndani, ukawa shamba la kuvu. Kosa la pili ni mafuta. Mtu amemaliza kutazama kwa lenzi ya 100, akazungusha, lenzi ya 40 ikapita juu ya mafuta yaleyale. Haikutengenezwa kuguswa na mafuta, na kuanzia hapo kila kitu kinaonekana kama kupitia dirisha la basi la masika. Kosa la tatu ni kupangusa kwa pamba ya dukani au kona ya koti. Karatasi laini ya lenzi ni rahisi, ila haimo kwenye orodha ya manunuzi.

Halafu inakatika balbu. Balbu moja. Hadubini iliyogharimu mamilioni ya shilingi inawekwa kabatini kusubiri balbu ya aina isiyopatikana nchini, na mwaka unaofuata mfadhili anaombwa hadubini mpya. Hiyo mpya huja ya aina nyingine, yenye balbu ya umbo tofauti. Mtindo huu wa kupokea chombo bila kuuliza vipuri vyake viko wapi ni uzembe wetu wenyewe, na hakuna mfadhili wa kulaumiwa.

Shuleni hali ni ya kusikitisha kwa namna nyingine. Mwaka 2014 wananchi wa Tanzania walichangishwa, wengine kwa kusukumwa, ili kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Majengo mengi yalisimama. Vilivyotakiwa kuingia ndani ya majengo hayo havikupata kampeni ya nguvu kama hiyo. Matokeo yake wapo wanafunzi wanaochora hadubini vizuri, wakaonyesha mshale wa jukwaa, wa kioo cha kurudishia mwanga na wa kila skrubu, wakapata alama zote, bila kuwahi kuweka jicho kwenye hadubini halisi.

Zoezi la kuanzia halihitaji chochote cha ajabu. Kitunguu maji kinakatwa, ngozi nyororo ya ndani inabanduliwa kwa ukucha, inatandazwa kwenye kioo, tone la iodini linadondoshwa, na kifuniko kinashushwa kwa mshazari ili mapovu yasiingie. Hadubini inayokuza mara 100 inatosha. Seli zinaonekana zimepangana, kila moja na kuta zake, na kiini kimekunywa rangi kikawa hudhurungi. Robert Hooke aliona kuta tu, kwenye kizibo mwaka 1665, na biolojia ikaanzia hapo. Mtoto wa Masasi anaona na kiini. Miaka michache baada ya Hooke, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, asiyesoma chuo wala kujua Kilatini, alitazama maji kwa lenzi moja aliyoisaga mwenyewe akakuta yamejaa viumbe. Hakuwa na kibali cha mtu.

Na zipo njia za kupunguza gharama. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha maelezo ya Foldscope, hadubini ya karatasi inayokunjwa, yenye vifaa vya thamani isiyofika dola moja. Haitachukua nafasi ya maabara ya hospitali, na waliodai hivyo walizidisha chumvi, lakini kwa ngozi ya kitunguu na maji ya dimbwi inatosha. Kilicho karibu zaidi nasi ni OpenFlexure, hadubini inayochapishwa kwa plastiki kwa kutumia michoro iliyo wazi kwa kila mtu. Iliendelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wakishirikiana na karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kipande cha plastiki kikivunjika, unachapisha kingine Dar es Salaam, husubiri meli. Huko Kampala, watafiti wa akili mnemba wa Makerere wamefunga simu ya mkononi juu ya lenzi ya hadubini ya kawaida, programu ikatafuta vimelea kwenye picha. Ni msaada mzuri kwa mtaalamu aliyechoka saa tisa alasiri. Programu hiyo lakini ilifunzwa kwa picha zilizowekewa alama na watu wanaojua kusoma kioo, na kioo kilichopakwa rangi vibaya kitaipoteza kama kinavyompoteza mwanadamu.

Halmashauri zinapokaa kupanga bajeti ya mwaka ujao wa fedha, ziweke vifungu vitatu vidogo kabla ya mashine yoyote mpya: balbu na lenzi za akiba, fundi wa vifaa tiba anayezunguka vituo vyote angalau mara mbili kwa mwaka, na mafunzo ya marudio ya kusoma kioo kwa kila mtaalamu wa maabara, hata wa kituo kinachotumia kipimo cha haraka. Na wewe mzazi, ukiitwa kikao cha shule, ukishamaliza suala la chakula na michango, nyoosha mkono uulize: shule ina hadubini ngapi, ngapi kati ya hizo zinafanya kazi, na mwanangu alitazama lini?